Jinsi Dawa za Malaria Zilivyoyeyushwa

Mwaka 1973, katika kisiwa cha Hainan kusini mwa China, wagonjwa wachache wa malaria walipewa vidonge vya dawa ambayo dunia ilikuwa bado haijaisikia. Watafiti wa Beijing walioongozwa na Tu Youyou walikuwa na kila sababu ya kutumaini. Tarehe 4 Oktoba 1971 dondoo lao la mmea wa artemisia, lililopewa namba 191, lilikuwa limefuta vimelea vyote katika panya wa maabara, na mwaka uliofuata likawatibu binadamu. Sasa walikuwa na kiini chenyewe, fuwele nyeupe za artemisinini, na wakazishindilia kuwa vidonge. Matokeo yakawa duni. Walipochunguza waligundua kwamba kiini hakikuwa na kasoro yoyote. Vidonge vilikuwa vimetengenezwa vibaya na havikumeguka vizuri vilipomezwa. Wakachukua artemisinini ileile, wakaitia ndani ya kapsuli, wakawapa wagonjwa wengine, na safari hii dawa ikafanya kazi.

Katika masimulizi ya dawa iliyompatia Tu Youyou sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2015, kisa hiki hupewa sentensi moja, na mara nyingi hakitajwi kabisa. Nadhani kinastahili nafasi kubwa zaidi. Historia ya dawa za malaria imezoeleka kuandikwa kama historia ya uvumbuzi: nani alileta gome, nani alikitenga kiini, nani alifukua maandishi ya kale yakazaa tiba. Hiyo ni nusu ya habari. Kwa zaidi ya miaka 300, karibu kila dawa kubwa ya malaria imekuta kikwazo kilekile, kwamba kiini chake hakiyeyuki vizuri katika maji. Dawa iliyomezwa huvuka ukuta wa utumbo ikiwa imeyeyuka. Chembe iliyobaki nzima hupita na kutoka na choo, hata kama ndani yake mna nguvu ya kuua mabilioni ya vimelea. Dawa ya kuchomwa kwenye mshipa ndiyo kabisa, haina budi kuwa maji maangavu. Kwa hiyo kila mara kilichoamua kama uvumbuzi ungemfikia mgonjwa aliyezimia, au ungebaki kuwa habari njema ya maabara, ni kazi ya watu wachache wasiojulikana sana waliotafuta namna ya kuuyeyusha.

Anza na gome la mkwinini. Liliingia Ulaya katika karne ya 17 kutoka milima ya Andes, likisambazwa na mapadri Wajesuiti, na lilitumika likiwa unga. Unga huo ukitiwa katika maji hutua chini, na kiini kingi hubaki ndani ya gome. Mwingereza Robert Talbor, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari na alidharauliwa na madaktari wa London, alijipatia sifa kwa kuponya homa za vipindi kwa dawa ya siri. Alimtibu Mfalme Charles II, kisha akaitwa Ufaransa, ambako Mfalme Louis XIV alimlipa ili apate siri hiyo kwa sharti kwamba isitangazwe mpaka Talbor afe. Alikufa mwaka 1681, na mwaka 1682 siri ikachapishwa: gome la mkwinini lililosagwa, likalowekwa katika mvinyo pamoja na majani ya waridi na maji ya limau. Madaktari waliomdharau walikuwa na gome lilelile. Tofauti ilikuwa katika kile kilicholizunguka. Kwinini huyeyuka kwa urahisi katika kileo, na huyeyuka pia katika maji yenye asidi. Mvinyo na limau vinatoa vyote viwili. Talbor hakuweza kuijua kemia hiyo, kwa kuwa haikuwapo wakati wake, lakini mkono wake uliitenda.

Kemia ilifika mwaka 1820, pale Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou walipoitenga kwinini huko Paris. Sasa tatizo likaonekana kwa kipimo. Gramu moja ya kwinini tupu inahitaji karibu lita 2 za maji ili iyeyuke. Ikiunganishwa na asidi ya salfa ikawa chumvi ya kawaida, yaani kwinini salfeti, maji yanayohitajika hushuka hadi karibu mililita 800. Ikiunganishwa na asidi hidrokloriki mara mbili, gramu hiyo moja huyeyuka katika maji yasiyofika mililita moja. Molekuli inayoua kimelea ni ileile katika zote tatu. Kilichobadilika ni kwamba asidi imeipa kwinini chaji ya umeme, na maji hupenda kushikana na vitu vyenye chaji. Chumvi ya aina ya tatu ndiyo iliyokuja kutiwa katika dripu za kwinini ambazo wodi za watoto kuanzia Mombasa hadi Bujumbura zilizitegemea mpaka mwanzoni mwa karne hii. Pelletier na Caventou wana mnara wao Paris. Waliozichagua na kuzipima chumvi hizo, moja baada ya nyingine, hawana.

Pwani na bara ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake katika habari hii. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo pale Amani, katika Usambara Mashariki, na miongoni mwa mimea iliyojaribiwa huko ulikuwamo mkwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za bahari, gome la Usambara likawa chanzo cha vidonge vya kwinini kwa jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Mwaka 1916 kaskazini ikapotea, na pamoja nayo mitambo ya kutengenezea vidonge. Wakiwa wanarudi kusini, walichemsha gome na kunywa maji yake. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika kwamba ladha yake ilikuwa mbaya kupita kiasi lakini kwamba ilisaidia, na askari wakaibandika jina la kilevi, Lettow-Schnaps. Kuchemsha kulitoa sehemu ya kiini, si chote, na hakuna aliyejua kikombe kimoja kina kiasi gani. Hapo ndipo thamani ya chumvi inayoyeyuka inapoonekana: pamoja na kumpa mgonjwa dawa, inampa tabibu uhakika wa kipimo.

Klorokwini, iliyoundwa na Hans Andersag katika maabara za Bayer huko Elberfeld mwaka 1934, ilifuata njia ya kwinini. Ikiwa chumvi ya fosfeti huyeyuka katika maji bila taabu, ndiyo maana iliweza kuwa kidonge cha bei ndogo, sharubati ya watoto na sindano. Mtu anaweza kunipinga hapa hapa: dawa iliyoyeyuka vizuri kuliko nyingi ndiyo iliyoshindwa vibaya zaidi. Vimelea viliizoea, Tanzania ikaiacha mwaka 2001 na kuweka mahali pake SP, yaani salfadoksini na pirimethamini, na SP nayo haikudumu. Pingamizi hilo ni la kweli, na linaweka mpaka wa hoja yangu. Kuyeyuka hakuikingi dawa na usugu wa vimelea, wala hakuigeuzi dawa dhaifu kuwa kali. Ninachosema ni kwamba nguvu ya dawa, iwe kubwa au ndogo, haiwezi kujionyesha mwilini kabla ya kuyeyuka. Na hakuna dawa iliyolithibitisha hilo wazi kama artemisinini.

Artemisinini iliwapa wanakemia mtihani ambao kwinini haikuwapa. Kwinini ina naitrojeni inayoweza kushikwa na asidi; artemisinini haina pa kushikwa, wala na asidi wala na besi. Haiwezi kufanywa chumvi. Haiyeyuki vizuri katika maji, na katika mafuta nako ni shida. Juu ya hayo, nguvu yake yote imo katika daraja la atomu mbili za oksijeni, daraja jepesi kuvunjika, na likivunjika kabla ya wakati dawa imekufa. Maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4, yaliyompa Tu fununu, yalisema mmea ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Tu aliokota hapo jambo moja, kwamba hakuna kuchemsha, kisha akayaacha maji na kutumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto karibu 35 tu. Etha ilikitoa kiini salama. Lakini etha hainywewi wala haichomwi mshipani, na Mradi wa 523, uliozinduliwa na serikali ya China tarehe 23 Mei 1967 kwa ajili ya wanajeshi wa Vietnam Kaskazini, ulihitaji dawa ya kumwokoa mtu asiyeweza kumeza.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuibadilisha artemisinini sehemu moja tu ya mwili wake, ili ipate kikonyo ambacho juu yake vitu vingine vinaweza kuning'inizwa, bila kuligusa lile daraja la oksijeni. Jambo hilo liliwezekana mwaka 1973. Baada ya hapo njia zikagawanyika. Huko Shanghai, Li Ying na wenzake walikifunga kikonyo hicho kwa kipande kidogo cha methili, wakapata artemetha, inayoyeyuka vizuri katika mafuta na kuchomwa kwenye msuli. Huko Guilin, mwaka 1977, Liu Xu alining'iniza kipande cha asidi ya suksini, akapata artesuneti. Kipande hicho kina ncha ya asidi iliyobaki wazi, na ncha hiyo inaweza kushikwa na sodiamu. Molekuli iliyokuwa haina pa kushikwa sasa ikawa na mpini, na ikaingia majini. Ikifika katika damu, mwili huukata mpini huo ndani ya dakika chache na kubaki na dawa yenyewe. Sijui kazi nyingine ya kemia ya dawa iliyo safi kuliko hii: kilichoongezwa ni tiketi ya kuingilia tu, na tiketi hutupwa mlangoni.

Kilichofuata ni kama jaribio lililopangwa makusudi kuipima hoja hii, ingawa hakuna aliyelipanga hivyo. Dawa mbili za asili moja, moja ya mafuta na moja ya maji, kila moja ilishindanishwa na kwinini. Artemetha ilitangulia. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya watoto 576 wa Gambia wenye malaria iliyopanda kichwani: waliokufa walikuwa asilimia 20.5 kwa artemetha na asilimia 21.5 kwa kwinini, yaani hakuna tofauti ya kuzungumzia. Watu wazima wa Vietnam nao hawakuonyesha tofauti ya kuaminika. Ilishangaza, kwa sababu artemetha ilisafisha vimelea haraka kuliko kwinini. Sehemu ya jibu ilitoka Kilifi, Kenya. Mwaka 1997 watafiti waliopima damu ya watoto waliochomwa artemetha pale walionyesha kwamba dawa haikuingia kwa usawa. Baadhi, hasa waliokuwa wakipumua kwa shida, walikuwa na kiasi kidogo mno. Mtoto wa namna hiyo, damu yake haizunguki vizuri hata mikono na miguu imepoa, na mafuta yaliyochomwa pajani hukaa palepale kwenye msuli. Aliyehitaji dawa kuliko wote ndiye aliyeipata kidogo kuliko wote.

Ndipo ikaja zamu ya artesuneti, iliyokwenda moja kwa moja mshipani. Utafiti wa Asia uliochapishwa mwaka 2005, wenye wagonjwa 1,461, ulionyesha vifo vya asilimia 15 dhidi ya 22 za kwinini. Wengi wao walikuwa watu wazima, kwa hiyo swali la watoto wa Afrika likabaki. Lilijibiwa na utafiti uliofanyika katika vituo 11 vya nchi 9, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kilifi ilikuwamo, na Muheza na Korogwe pia, mji wa mwisho ukiwa chini ya milima ileile ya Usambara. Watoto walikuwa 5,425. Waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, na waliotibiwa kwa artesuneti asilimia 8.5. Matokeo yalitoka mwaka 2010, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza artesuneti iwe dawa ya kwanza ya malaria kali kwa watoto wa Afrika.

Msomaji makini atauliza: si kwinini ya dripu nayo inayeyuka sana, tena katika chini ya mililita moja kwa gramu? Kama kuyeyuka ndiko siri, mbona imeshindwa? Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na jibu lake ni kwamba ushindi wa artesuneti juu ya kwinini umetokana na nguvu yake ya kuua vimelea vikiwa bado vichanga, kabla havijang'ang'ania kwenye mishipa midogo ya ubongo. Kwinini haina uwezo huo. Lakini artemetha inao. Ina daraja lilelile la oksijeni na inaua vimelea vilevile katika umri uleule, na bado huko Gambia haikuokoa watoto zaidi ya kwinini. Atakayetaka kueleza tofauti ya ndugu hawa wawili kwa kutazama kiini chao peke yake, atakosa pa kushika. Anapaswa kutazama njia ambayo kila mmoja alipita kuifikia damu.

Kazi ya Guilin bado inaonekana leo kila muuguzi anapoandaa sindano. Artesuneti huja ikiwa unga mkavu, miligramu 60 katika kichupa, kwa sababu ikikaa majini huharibika. Pembeni pana kichupa kingine cha mililita 1 ya bikaboneti ya sodiamu. Muuguzi huichoma bikaboneti ndani ya unga, hutikisa dakika mbili au tatu, na kutazama. Mwanzo ni ukungu mweupe. Ncha ya asidi inaposhikwa na sodiamu, ukungu huondoka na maji yanakuwa maangavu. Yasipokuwa maangavu, kichupa hutupwa. Kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi au ya glukosi kama inaenda mshipani, mililita 2 kama ni msuli, na dawa lazima itumike ndani ya saa moja.

Wapo wanaosema kwamba haya yote yasingehitajika kama tungebaki na mmea wenyewe, tukanywa chai ya artemisia. Hoja yao ina heshima yake, kwa kuwa Ge Hong alitumia maji na mmea tu, na mmea unaota vizuri katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya. Vipimo vinasema vingine. Watafiti wa Ujerumani walioandaa lita moja ya chai kwa gramu 9 za majani makavu walikuta ndani yake miligramu 94.5 za artemisinini, wakati dozi moja ya mtu mzima kwa vidonge ni miligramu 500. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wa Kongo waliokunywa chai hiyo: baada ya siku 7 karibu robo tatu hawakuwa na vimelea, dhidi ya asilimia 91 kwa kwinini, na wiki chache baadaye wengi wa wale wa chai walikuwa navyo tena. Vimelea vilivyopigwa kwa dozi pungufu hupata nafasi ya kujifunza kuistahimili dawa, na hiyo ni hatari kwa kijiji kizima.

Wala sisemi kwamba kuyeyusha ni jema kwa vyovyote. Mwaka 1937 kampuni ya Massengill ya Tennessee ilitafuta namna ya kuifanya salfanilamaidi iwe dawa ya maji. Mkemia wake akaiyeyusha katika dietilini glaikoli, kimiminika kitamu, bila kukijaribu kwanza hata kwa mnyama. Zaidi ya watu 100 wakafa kwa figo kushindwa kazi, wakiwamo watoto, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria iliyolazimisha usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa. Dawa yenyewe ilikuwa nzuri. Kilichoua ni kiyeyushio. Hata hivyo kisa hiki kinaipa uzito hoja kwamba uyeyushaji si kazi ya pembeni ya kuachiwa yeyote. Ni sehemu ya tiba, inaweza kuponya na inaweza kuua, na inastahili akili bora na ukaguzi mkali kama uvumbuzi wenyewe.

Limebaki tatizo ambalo wanakemia hawajalimaliza. Dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo Tanzania na Kenya zilianza kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida mwaka 2006, ina ndani yake kiini kimoja kinachokataa maji kuliko vyote nilivyovitaja. Lumefantrini, iliyotoka katika maabara za jeshi la China, karibu haiyeyuki kabisa bila mafuta. Watu wenye afya walioimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi waliifyonza mara 16 zaidi ya walioimeza tumbo tupu. Vidonge vya watoto vinavyomeguka majini, vilivyojaribiwa kwa watoto 899 wa nchi tano zikiwamo Kenya na Tanzania na kuanza kutumika mwaka 2009, vimeondoa shida ya mtoto kutema kidonge kichungu. Lakini ndani ya kijiko lumefantrini inaelea tu, haijayeyuka. Hatua ya mwisho, ile ambayo Talbor aliifanya kwa mvinyo na Liu Xu kwa asidi ya suksini, hapa imeachwa kwa familia, na bahati njema mafuta yanayotakiwa ni kidogo: utafiti mmoja ulionyesha kwamba gramu 1.2, zilizokuwa katika mililita 36 za maziwa ya soya, zinatosha kufikia karibu kiwango cha juu.

Basi kila anayetoa mseto kwenye dirisha la dawa, hospitalini au dukani, asiishie kuandika namba kwenye pakiti. Amwambie mzazi kwamba kila dozi iende na maziwa, uji wa karanga au chakula chochote chenye mafuta. Dozi ya pili itolewe saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, dozi 6 kwa jumla, hata kama homa imekwisha kushuka siku ya kwanza.